Kalamu iligoma, mimi sikugoma

Mmeuliza wiki hii: mkubwa wako akikuamuru ufanye jambo unalojua ni baya, utakataa? Najua wengi watajibu "nitakataa" kabla hawajamaliza kusoma swali. Mnajidanganya.

Nilikuwa karani wa stoo, mgeni kazini. Bosi akaniletea hati ya mapokezi: katoni 60. Mimi nilikuwa nimehesabu 48. Nikasema, "Bosi, mbona hazijatimia?" Hakufoka. Laiti angefoka! Alichomoa kalamu mfukoni mwa shati lake, akanipa, akasema taratibu, "Wewe saini, mengine niachie mimi." Nikainama. Kalamu ikagoma. Nikaitikisa, ikagoma. Nikaipulizia ncha, nikaichorachora kiganjani mpaka wino ukatoka, ndipo nikasaini. Yaani nilipata upenyo wa kusema "hapana", nikautumia kutengeneza kalamu! Bosi amesimama tu, ananisubiri kwa adabu zote. Ule wino ulinikaa kiganjani hadi jioni, nikawa natembea na mkono mfukoni.

Ndiyo maana siwacheki wale watu wa jaribio la Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani. Katika jaribio alilochapisha mwaka 1963, watu 26 kati ya 40, kwa amri ya mkubwa aliyesimamia jaribio, walimpiga mwenzao shoti za umeme hadi volti 450, kwa kupandisha volti 15 kila hatua. Shoti zilikuwa za uongo, wao hawakujua. Husemwa walikuwa makatili. Wapi! Walitoka jasho, walitetemeka, walilalamika. Mdomo unapinga, kidole kinabonyeza. Mimi nilipinga pia, si nilisema hazijatimia?

Nilitaka kumalizia kwamba hakuna anayekataa. Sasa nasita, kwa sababu ya majaribio mengine ya Milgram huyohuyo. Wenzao wawili walipogoma mbele yao, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Na mkubwa alipotoka chumbani akawa anaamuru kwa simu, aliyetii hadi mwisho alikuwa takribani mmoja kati ya watano. Wengine walimjibu kwamba wanapandisha, kumbe wanabonyeza swichi ya chini kabisa. Hao ndio nawapenda, ingawa sina hakika kama kudanganya ni kukataa.

Haya, jibu langu: nitakataa, mradi bosi awe kwenye simu na pembeni yangu awepo mwenzangu aliyegoma kwanza. Ana kwa ana, na kalamu yake mkononi mwangu, msiniulize.