Kugawanya volti moja kwa nyingine: kizidishi ndani ya mrejesho

Ndugu, umesema mwanga wa taa yako ya kupimia sampuli unayumbayumba, na unataka kugawanya volti ya kihisi cha sampuli kwa ile ya kihisi kinachoitazama taa, ili kuyumba huko kujifute. Wazo zuri sana.

Usianze na transista za logi (zinazogawanya kwa kutoa logi ya volti moja kutoka ya nyingine): zisipolingana na kukaa kwenye joto moja, majibu yatahamahama. Chukua AD633, chipu ya kuzidisha. Ina maingizo X na Y, na inatoa X mara Y, gawa kwa 10. Iweke kwenye njia ya mrejesho (inayorudisha tokeo kwenye ingizo) ya op-ampu, yaani chipu inayokuza tofauti ya volti kati ya miguu yake miwili ya kuingilia: tokeo la op-ampu liingie Y, kigawanyo (volti ya kihisi cha taa) kiingie X, kisha tokeo la AD633 lirudi kwenye mguu wa hasi wa op-ampu kupitia rezista sawa na ile inayoleta volti ya sampuli. Sampuli ikiwa volti 2 na kigawanyo 4, utapata −5.

Tahadhari kubwa ni kigawanyo. Kikigeuka hasi, mrejesho unapinduka na op-ampu inaganda ukingoni, karibu na volti ya umeme unaoilisha. Kikishuka hadi volti 0.1, kosa la milivolti 20 tu kwenye chipu linakuwa volti 2 nzima! Kwa hiyo kuza volti ya kihisi cha taa kwanza, icheze kati ya 5 na 10.