Ukitaka kuhamia FreeBSD, anza na kadi ya Wi-Fi

FreeBSD ni mfumo endeshi wa bure, unaokaa mahali pa Windows. Kabla hujafuta chochote, nitajie kadi ya Wi-Fi iliyomo kwenye laptopu yako. Huijui? Basi subiri kwanza. Sikukatishi tamaa, mimi mwenyewe nilihama bila kuijua yangu, na nilikiona.

Laptopu ilikuwa ya mtumba. Jioni ileile niliyoinunua nikafuta diski, nikasimika FreeBSD, nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe, na chini kabisa neno login. Nikadhani nimeiua mashine. Kumbe ndivyo inavyokuja. Mfumo huu umetokana na Unix, mfumo endeshi wa zamani, ile ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umekuwepo kwa jina hili tangu 1993, na ukishausimika unakupa msingi tu. Madirisha na aikoni unapakua mwenyewe. Kwa intaneti ipi sasa, wakati kadi haionekani?

Simu ndiyo iliyoniokoa. Nilichomeka Android kwa waya wa USB, nikaiambia igawe intaneti, nikaandika kldload if_urndis (kupakia draiva, yaani programu ya kuitumia simu kama kifaa cha mtandao), kisha dhclient ue0 (kuomba anwani ya mtandao). Namba za IP zikatokea. Bando nililotegemea linifikishe mwisho wa wiki likakata kabla ya alfajiri, lakini Xfce, programu ya madirisha na aikoni, ilikuwa imeshakaa kwenye kioo.

Wewe usipitie huko. Weka FreeBSD kwenye flashi, washa laptopu kwa flashi hiyo, chagua kuijaribu bila kusimika, uandike pciconf -lv. Vifaa vya PCI, yaani vya ndani ya laptopu, vitaorodheshwa. Mstari wa kadi ya Wi-Fi ukianza na none, ujue hakuna draiva iliyoishika. Tafuta adapta ya USB inayotambulika, au laptopu nyingine. Kadi ya video ya Intel au AMD itahitaji kifurushi cha draiva kiitwacho drm-kmod, na jina lako la kuingilia liingizwe kwenye kundi la video. Hilo la kundi watu wanalisahau sana.

Kisimikaji kikikuuliza mpangilio wa diski, chagua ZFS, mpangilio unaoweza kutunza nakala ya mfumo ulivyo. Faida yake niliiona mchana mmoja nikiwa na kazi ya mteja ya kukabidhi saa kumi. Nikasasisha vifurushi (kiherehere tu, hakuna aliyenituma), nikawasha upya, kioo giza. Bahati nzuri nilikuwa nimeshajizoesha kuandika bectl create kabla, amri ya kutunza nakala ya mfumo kwa jina “kabla”, kila nikitaka kugusa pkg upgrade, ile ya kusasisha vifurushi. Nikazima, nikawasha, kwenye menyu ya mwanzo nikachagua nakala ile niliyoiita “kabla”, nikarudi kazini. Mafaili ya /home hayamo kwenye nakala hiyo, kwa hiyo hata nilichoandika baada ya kuichukua kilikuwepo chote.

LibreOffice na Firefox zipo, na ni zilezile. Anza kuzitumia hukohuko kwenye Windows, wiki mbili hivi, ili ukihama usijifunze mambo mawili kwa mpigo. Ya kuchapa ipeleke steshenari ikiwa PDF. Faili ya docx yenye majedwali ikifunguliwa kwenye mashine yao inaweza kuvurugika, na foleni nyuma yako haina subira. Vipokea sauti nunua vya waya, Bluetooth itakuchosha. Filamu za kulipia zenye kufuli ya hakimiliki hazichezi hivihivi kwenye kivinjari. Ipo njia ya kupitia programu za Linux. Niliijaribu usiku mmoja, nikaiacha. Naziangalia kwenye simu.