Shokapu za mbele za Toyota IST: mtumba au mpya?

Ndugu yangu, umesema shokapu ya mbele kulia inavuja oili, gari inagonga kwenye matuta, na fundi anataka mnunue mtumba mmoja tu. Mmoja usikubali. Shokapu hubadilishwa jozi, kushoto na kulia, la sivyo gari inaweza kuyumba au kuvuta upande mmoja ukishika breki.

Kabla hujatoa hela, mwambie fundi ainue gari kwa jeki, atikise lowa amu (mkono wa chini unaoshika tairi) kwa mtaimbo. Mlio wa kugonga mara nyingi hutoka kwenye bushi (mipira ya maungio), boljointi (kiungo cha duara) au stabilaiza linki (kifimbo kinachoshika stabilaiza), na linki ni bei rahisi kuliko shokapu. Yangu iligonga miezi miwili. Nikabadilisha shokapu zote mbili, mlio ukabaki pale pale. Ilikuwa linki! Iliniuma sana.

Mtumba wa Japani si mbaya, ila sili zake (mipira inayozuia oili) mara nyingi zimeshazeeka. Ukiwa dukani, simamisha shokapu wima, kandamiza fimbo yake hadi chini. Ikizama bila ukinzani, au fimbo ina kutu na michubuko, rudisha. Mimi ningejipanga ninunue mpya za KYB (kampuni ya Japani) kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana, maana feki ni nyingi. Nenda na namba ya chesisi, usitaje "IST" tu.

Kama mmefungua lowa amu, bolti za bushi zake zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa kwenye matairi. Zikikazwa ikining'inia, bushi hujipinda na kukatika mapema. Kisha pima alaimenti (mkao wa matairi).