Re: Kwaya yetu tuko 20, tunakuja Unguja siku moja, makanisa gani tuone?

Karibuni ndugu yangu. Mkishuka boti msianze kuzunguka na maduka, nendeni moja kwa moja Mkunazini kwa miguu, kanisa la Anglikana limejengwa pale pale palipokuwa na soko la watumwa, soko lilifungwa 1873 na ujenzi ukaanza mwaka huo huo chini ya Askofu Steere. Mbele ya altare tazameni chini, kuna duara la marumaru nyeupe limezungushiwa nyekundu, ndo palipokuwa na mti wa kuchapia watu, kwaya yetu ilipofika hapo hata wale wapiga soga walinyamaza wenyewe. Msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, kule Chitambo, Zambia, uko humo humo, na zile nguzo zilizowekwa kichwa chini mtazicheka tu. Wekeni saa mbili nzima hapo.

Minara Miwili, yaani St. Joseph ya Wakatoliki, ni karibu, ulizieni saa za misa kwanza. Kanisa la Mbweni, nje ya mji, mtachukua gari, ila mkiwa na wazee mie ningeiacha. Na kina dada wachukue khanga, mji wetu huu wa Waislamu, mabega wazi njiani haipendezi.