Laki Nne za Juu Kwenye Mkataba wa Huduma

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Dar es Salaam ulioanza kwa "Shikamoo kaka" na kuendelea kwa hesabu ambayo niliwahi kuipiga mwenyewe, tena kwa furaha ileile. Amepata nafasi mbili. Ya kwanza ni ajira yenye mshahara ghafi wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Ya pili ni mkataba wa utoaji huduma wa 1,400,000, ambao hauna makato mengine yoyote isipokuwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani ile anayoikata mlipaji kabla ya kukupa fedha yako. Anauliza kama kuna sababu yoyote ya kuikataa hiyo ya pili, maana tofauti ya fedha zinazofika mkononi ni zaidi ya laki nne.

Mdogo wangu, mimi nilichukua hizo laki nne.

Mwaka 2018 niliacha ajira ya miezi kumi na minne na kujiunga na kampuni moja ya utafiti kama msimamizi wa takwimu. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, ukihuishwa kila ulipokwisha, na kila mara niliusaini nikiwa nimesimama mapokezi, kwa kalamu ya kuazima, bila kuusoma. Kifungu cha tisa kilisema kwamba mtoa huduma atawajibika kwa kodi na michango yake yote. Nilikiona kifungu hicho kwa mara ya kwanza baada ya miezi 55, siku nilipoandikiwa kwamba mkataba hautahuishwa tena.

Nilikwenda ofisi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaotunza michango ya pensheni, nikiamini kuna chochote nilichowekewa. Ofisa alikuwa mstaarabu. Aliingiza namba yangu, akasita kidogo, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta nijisomee. Mistari ilikuwa kumi na minne, yote ya mwajiri wangu wa zamani, na chini yake palikuwa peupe. Nilimwomba aangalie tena kwa jina kamili. Akaangalia tena.

Upande wa kodi ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu nilijiona msafi. Nilidhani ile asilimia 5 niliyokatwa kila mwezi ndiyo kodi yangu yote, kumbe kwa mtu wa aina yangu ni malipo ya awali tu, yanayopunguzwa kwenye kodi halisi ya mwaka pale unapowasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yako ya mwaka. Sikuwahi kuwasilisha ritani hata moja. Nilipohitaji hati ya kuthibitisha kwamba sina deni la kodi ili nipate leseni ya biashara, niliambiwa nilete vyeti vya kodi ya zuio. Katika miezi 55 nilikuwa na vyeti tisa. Vilivyobaki kampuni haikunipa, nami sikuvidai, kwa kuwa sikujua kwamba cheti hicho ndicho kinachothibitisha kuwa fedha iliyokatwa kwangu imekwenda kwa jina langu. Nililipa deni hilo pamoja na riba kwa awamu, kwa muda ambao sipendi kuutaja hapa.

Sasa turudi kwenye hesabu yako. Kwenye ajira ya 1,200,000, NSSF itachukua asilimia 10, yaani 120,000, na kodi ya mshahara kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 152,000, hivyo utapokea 928,000. Kwenye mkataba utapokea 1,330,000. Hiyo ndiyo laki nne yako. Lakini mapato ya mkataba kwa mwaka ni 16,800,000, na kodi yake kwa viwango vya mtu binafsi, kabla ya kuondoa gharama za kazi, ni 2,976,000, wakati zuio litakuwa limelipa 840,000 tu. Ukigawa kodi yote kwa miezi kumi na miwili, unabaki na 1,152,000 kwa mwezi. Kwenye ajira, mwajiri naye anaongeza asilimia 10 yake, hivyo mfuko unapokea 240,000 kila mwezi. Ukitaka kujiwekea kiasi hichohicho mwenyewe, unabaki na 912,000. Laki nne imegeuka kuwa upungufu wa elfu kumi na sita, na bado sijagusa likizo ya siku 28 yenye malipo wala fidia ya kuumia kazini. Gharama zenye risiti zitakupunguzia kodi kiasi, ndiyo maana nasema tunza risiti, hata ya bando.

Jambo linaloniuma hadi leo nilielezwa na jirani yangu mwanasheria tukiwa kwenye foleni ya maji. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa walau moja ya hali zilizotajwa humo ipo: anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa zake, ni sehemu ya taasisi, amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo mmoja kiuchumi, amepewa vitendea kazi, au anamhudumia mtu mmoja tu. Mimi nilisaini daftari la mahudhurio saa mbili kamili asubuhi, nikatumia kompyuta ya kampuni, nikaomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yangu. Nilikuwa na hali zote hizo. Hata hivyo, malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mimi nilikuwa kwenye mwezi wa tano tangu mkataba wangu uishe. Inawezekana kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, lakini kutojua sheria nilikuona si sababu ya kumpelekea mtu mzima.

Kwa hiyo, kama utasaini, soma kwanza, ukiwa umekaa. Dai cheti cha zuio kila unapolipwa, si mwisho wa mwaka. Wasilisha makadirio ya kodi kabla ya Machi 31 na ulipe kwa awamu nne, kisha ritani kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Jisajili NSSF kama mchangiaji wa hiari mwezi uleule wa kwanza, na uangalie taarifa yako mwenyewe bila kungoja kuambiwa. Na cheti, narudia, dai cheti. Vijana tunaona aibu kuuliza habari za fedha yetu mbele ya watu wa rasilimali watu, ilhali wao hawaoni aibu kutuandikia kifungu cha tisa.

Pensheni inahitaji michango ya miezi 180. Tangu nianze kujichangia nimefikisha miezi 27, na ukijumlisha ile kumi na minne ninayo 41. Ile 55 ingekuwapo ningekuwa na 96. Nina umri wa miaka 44, na imebaki miezi 139.