Mkuu, usilipie hilo godoro la upepo

Usilipe. Nilisoma hadi pale ulipoandika kwamba kesho asubuhi muuzaji anakuletea godoro la kupuliza la futi 5 kwa 6, ulitandike nyuma ya gari lako aina ya Noah, mlale wewe, shemeji na mtoto kule Hifadhi ya Kitulo mwezi wa saba, nikaona siwezi kupita kimya. Umeuliza pia habari za mapazia ya vioo, mbu na mahali salama pa kuegesha, lakini godoro ndilo litakaloamua kama mtalala au mtakesha.

Kitulo si Bagamoyo. Uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Makete mwezi wa sita na wa saba majani huamka yamepigwa na barafu. (Maua yenyewe yanayofanya watu waiite Bustani ya Mungu huchanua kuanzia kama Novemba hadi Aprili, lakini hiyo ni safari yako, sikuingilii.) Mimi nimelala huko ndani ya gari juu ya godoro la upepo kama hilohilo, na mke wangu pembeni. Jioni lilikuwa gumu kama ngoma. Usiku wa manane mgongo wangu uligusa bati la gari, mwenzangu akiwa ameinuliwa upande wa pili, na kila mmoja akijigeuza mwenzake anarushwa. Blanketi tulikuwa nayo mazito, tukajifunika yote, na bado baridi ikawa inaingia kutokea chini, kiunoni na mabegani, pale pale mwili unapolemea godoro. Tuliondoka kabla ya kucha tukatafuta gesti Matamba, na safari tuliyoidunduliza mwaka mzima ikaishia hapo. Mke wangu aliumwa kiuno wiki nzima.

Nilidhani godoro limetoboka. Nikaliweka kwenye maji nikitafuta mapovu, sikuona hata moja. Halikuwa na tundu. Hewa ikipoa husinyaa: ukilijaza jua likiwa bado linawaka, ndani ya gari kuna nyuzijoto 25, halafu usiku zikashuka hadi 5, ile hewa inapungua ujazo kwa karibu asilimia 7. Kwa kitu kinachokaa kigumu kwa upepo tu, hiyo inatosha kukilegeza kabisa. Na plastiki yenyewe huzidi kutanuka ukiilalia. Utaamka uliongeze upepo kwa ile pampu ya kuchomeka kwenye soketi ya sigareti, inayopiga kelele kama mashine ya kusaga, mtoto aamke, na baada ya muda ni kulekule.

Hata lingebaki gumu, baridi ingebaki palepale. Ndani ya godoro la upepo hamna kitu cha kuizuia hewa isizunguke. Kila mnapojigeuza, ile iliyopashwa na miili yenu juu inachanganyika na ile iliyopozwa na sakafu ya bati chini, na joto linapotea. Usiku kucha mwili wako unapasha moto gari. Wanaotengeneza vifaa vya kambi hupima uwezo wa godoro kuzuia baridi kwa kipimo kinachoitwa R. Godoro la upepo lisilo na kitu ndani huwa kwenye 1 hivi, wakati la kulalia kwenye baridi ya kuganda linatakiwa kufika 4 au 5. Uzuri wake ni kwamba R za vitu vilivyopangwa juu kwa juu hujumlishwa, kwa hiyo tabaka unaloweka chini linaongeza kweli. Blanketi ya kujifunika haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu sehemu unayoilalia inakandamizwa inakuwa bapa.

Yule aliyeniuzia hakuniuliza naenda wapi. Alinitumia picha ya familia imelala ndani ya gari inacheka, akaniapia kwamba linaingia gari lolote na linafaa hali ya hewa yoyote. Nilipompigia baada ya safari akasema nimelijaza vibaya, kisha akaacha kupokea simu. Maneno uliyonukuu kwenye uzi wako, "linafaa gari lolote", ni yaleyale neno kwa neno. Hakuna godoro linalofaa gari lolote! Noah nyingi tunazoendesha hapa zina upana wa chini kidogo ya sentimita 170 kwa nje. Ukitoa unene wa milango na kuta, na kama yako ni ile ambayo viti vya nyuma hukunjwa kwenda ubavuni, hizo futi 5, yaani sentimita 152, zitalala wapi? Litajikunja kingo na kuwaviringisha wote watatu katikati.

Na wewe mdau wa hapo juu uliyemwambia awashe injini apate hita, au aingize jiko la mkaa dakika chache kabla ya kulala: futa hayo maneno. Moshi wa injini na mkaa una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na watu hufa usingizini bila kujua. Mtu aliyelalia godoro baridi ndiye huyo anayeshawishika saa tisa usiku kufanya hivyo. Mkuu ana mtoto mdogo humo ndani.

Mkuu, sheria ninayoishikilia ni moja: chini yako kuwe na sponji, si upepo, na ikatwe kwa kipimo cha gari lako. Kunja viti, pima sakafu kwa futi kamba, pima tena pale panapobanwa na matairi na viti, peleka vipimo kwa fundi makochi. Mwambie akukatie sponji ngumu ya inchi 4, ile ya hai densiti, si ile laini ya mito. Ikate vipande vitatu ili mchana ikunjike. Kama viti vikilala vinaacha mteremko au shimo, seremala akutengenezee chaga fupi za kusawazisha. Zinasaidia pia hewa kupita chini, maana pumzi zenu usiku zitageuka maji na sponji iliyolala juu ya bati italowa na kuota ukungu. Acheni vioo viwili wazi kidogo hata kama kuna baridi. Juu ya chaga tandika mikeka ya mazoezi ya mpira mnene, hata miwili juu kwa juu, ndipo sponji.

Usizidishe unene. Kaa kitako juu ya godoro milango ikiwa imefungwa: kama kichwa kinagusa paa, mtoto akitaka kukojoa usiku mtahangaika wote.

Halafu laleni humo usiku mmoja hapo uani kwenu kabla ya kuanza kupanda zile kona 57 za barabara ya kutoka Chimala kwenda Kitulo. Mpigie muuzaji leo umwambie asilete. Akikuambia ameshalipakia kwenye bodaboda, mlipe nauli ya bodaboda, godoro lirudi.