Siku za kwanza Roma na watoto

Dada, umeuliza mzipangeje siku tatu za kwanza Roma mkiwa na watoto wa miaka 6 na 9. Siku ya kwanza msipange kitu. Tembeeni taratibu hadi Pantheon, lile hekalu la kale la Kirumi, kisha mkale chakula, mlale. Sisi tulikimbilia Colosseum, ule uwanja wa kale wa mapigano, na uchovu wa ndege. Mdogo akalala chini pale pale getini, nikaishia kubeba mtu.

Maji msinunue. Mitaani kuna mabomba ya chuma yaitwayo nasoni, yanatiririka kutwa na maji yake ni salama. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu. Wanangu waligoma kuondoka!

Kwenye basi na metro, walio chini ya miaka 10 hawalipi wakiwa na mkubwa. Colosseum nako watoto ni bure, ila wawekee nafasi mapema mtandaoni.

Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure na foleni yake usiombe. Beba khanga mbili za kufunika mabega na magoti kanisani. Shemeji naye kaptula aiache hotelini, kwenye Basilika la Mtakatifu Petro watamrudisha mlangoni.